Ngazi Ikipinda Ni Kona

"Ngazi ikipinda bado ni ngazi," kinyozi alifoka, na kwa kuwa mkasi alikuwa nao mkononi, watu walimsikiliza.

"Ngazi ikipinda ni kona," mwalimu mstaafu akamjibu. "Na kona za jengo hili ni zangu, zote. Nina cheti."

"Hata mimi nina cheti."

"Chako kimeandikwa ngazi. Kisome vizuri. Hakikuandikwa ngazi pamoja na pale inapopinda."

"Haya mwalimu, nifundishe. Mtu anashuka, anafika pale inapopinda. Anafanya nini, anapaa?"

"Anakata kona."

"Kwa miguu ipi? Si hii hii iliyokanyaga ngazi yangu?"

Walikuwa wamesimama mlangoni kwa Shangazi, ghorofa ya tatu, saa tatu na ushee asubuhi, na sauti zao zilishuka mpaka chini zikapanda tena. Katikati yao alibanwa mwanaume mmoja mwenye tai nyekundu, ameshika mfuko wa nailoni wenye zipu, anatafuta pa kupita. Akisogea kushoto anakutana na mkasi. Akisogea kulia anakutana na kidole cha mwalimu, ambacho ni kibaya zaidi.

"Wakubwa zangu," akasema, "hili jambo dogo sana. Naomba nipite, nikirudi tutalikalia chini."

"Unarudi lini?" kinyozi akauliza.

"Sasa hivi tu."

"Na mfuko wote huo?"

Huyu mwenye tai ndiye aliyeitwa Tai. Wengine walimwita hivyo kwa sababu ya kile kilichoning'inia shingoni, wengine kwa sababu ya yule ndege mwenye kucha, na yeye aliitika kote kote. Ndani ya ule mfuko mlikuwa na pesa za kinyozi, pesa za mwalimu, na pesa ambazo fundi cherehani wa chumba cha chini alizificha miaka miwili kwenye kopo la vifungo ili anunue cherehani ya pili. Saa nne kamili mkaguzi wa Mfuko wa Makazi Nafuu alikuwa anafika. Kabla ya saa nne Tai alitakiwa awe mbali. Kuwa mbali ndiyo fani aliyoimudu kuliko zote.

Sasa ili ujue ngazi ilipataje mwenyewe, itabidi turudi wiki tatu nyuma.

Wiki tatu nyuma Tai alikuwa anashuka kwenda kutafuta riziki, maana yake kutafuta mtu mwenye riziki, akakuta tangazo limebandikwa kwenye mlango mkubwa wa chini. Lilikuwa tangazo la kweli, lenye muhuri wa kweli. Lilisema jengo hili, pamoja na mengine kumi na moja ya watu wa kipato kidogo, limenunuliwa na Mfuko wa Makazi Nafuu. Wapangaji wasiwe na wasiwasi, pango halipandi. Na mwananchi yeyote anayetaka kuwekeza afike ofisini, anunue vipande.

Wenzake walisoma ule mstari wa pango, wakashusha pumzi, wakaenda zao. Tai alisoma mstari wa mwisho mara nne. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akalibandua polepole kama nesi anavyobandua plasta, akalitia mfukoni. Tangazo lilikuwa limemfikia mlengwa.

Siku mbili hakutoka kwa shangazi yake, ambako alikuja kukaa wiki moja, mwaka juzi. Alichukua kandambili moja, akachonga soli yake kwa wembe, akapata muhuri. Sasa muhuri wa soli una shida yake: herufi unazichonga kinyumenyume, na ukikaribia mwisho unakuta soli imekwisha. Ndivyo Mfuko wa Makazi Nafuu ulivyotokea kwenye vyeti vya Tai ukaitwa MFUKO WA MAKAZI NAFU. U moja ilikosa nafasi.

"Nani atakaa kuhesabu u," Tai akajiambia, akapuliza wino ukauke.

Alianza na kinyozi. Alikaa kwenye kiti, akafungwa shuka shingoni, tai juu yake, na povu likapakwa.

"Bosi, hivi unajua nani analipa pango la jengo letu?"

"Si sisi."

"Sisi tunalipa nusu. Nusu ya pili inatoka halmashauri, kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Mkataba wa miaka ishirini na mitano. Mpangaji akihama anaingia mwingine, foleni ya wanaosubiri imefika barabarani. Sasa hela yote hiyo inakwenda kwa nani?"

"Kwa mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ni Mfuko. Na Mfuko ni watu waliochanga wakanunua vipande. Mwenye kipande anakaa, anapokea gawio. Asiye na kipande ni mpangaji tu, analipa na kushukuru. Wewe unataka uwe nani?"

Mpaka hapo kila neno lilikuwa la kweli, na huo ndio ulikuwa ubaya wa Tai. Uongo alikuwa anautia kidogo tu, mwishoni, kama chumvi.

"Na wakala wa vipande vya jengo hili," akasema, "unamnyoa."

Kinyozi akasimamisha wembe. "Kipande changu kitakuwa kipi?"

"Kipande ni hesabu, bosi. Ni sehemu ya kitu kizima. Hakishikiki."

"Mimi kisichoshikika sinunui." Wembe ulibaki pale pale, chini kidogo ya kidevu.

Hapa mtu mwingine angesema ahsante, akalipia ndevu, akaenda kuosha uso. Tai alifikiri kwa muda wote ambao wembe ulimruhusu.

"Ngazi," akasema. "Nakupa ngazi, kutoka chini mpaka ghorofa ya tatu. Nilikuwa nimemwekea mkurugenzi mmoja, lakini nitamwambia imechukuliwa."

Uso wa kinyozi ukafunguka. "Ngazi naifahamu," akasema. "Juzi nimejikwaa pale."

Akanunua kabla povu halijakauka.

Kumbe watu hawakuwa wanaogopa kuwekeza, walikuwa wanaogopa hesabu. Ukiwapa kitu cha kugusa wanatoa hela. Fundi cherehani alisikia habari, akaja na kopo lake la vifungo, akataka mlango mkubwa wa chini na si kingine. "Kila anayeingia lazima auguse," alisema, "na kila anayetoka." Alimimina hela mezani, vifungo vinne vikaanguka humo humo. Tai akavikusanya vyote pamoja. Kazi ya wakala haichagui.

Mwalimu mstaafu alichelewa, kwa kuwa alitaka kwanza atafakari. Alipomaliza kutafakari, kila kinachokanyagwa na kinachofunguka kilikuwa kimepata mwenyewe.

"Zimebaki kona," Tai akamwambia.

"Kona ngapi?"

"Zote."

"Za ndani tu, au na za nje?"

"Kwa heshima yako mwalimu, na za nje."

Mwalimu akalipa, akapokea cheti, akakisoma kuanzia juu mpaka chini, akachomoa kalamu nyekundu kwenye mfuko wa shati na kuongeza herufi moja.

"Nafuu ina u mbili, kijana."

"Makosa ya kiwandani hayo, mwalimu."

"Natumaini," mwalimu akasema, na akamtazama kwa lile jicho ambalo kwa miaka thelathini na tano aliwatazamia wote waliosema daftari wamelisahau nyumbani.

Akabaki Shangazi. Shangazi hakuwa na haraka. Alikuwa anapiga pasi, na alichokuwa anakipiga pasi ni ile tai nyekundu.

"Majirani wote wana vipande," akasema, bila kuinua macho. "Mimi niliyekulaza, nikakulisha, unaniuzia nini, baba?"

"Shangazi, wewe siwezi kukuuzia. Damu ni damu."

"Basi nipe."

Tai akakuna kichwa. Jengo lilikuwa limekwisha. "Nakupa chuma cha ngazi," akasema. "Kile cha kushikilia."

"Niandikie."

Akamwandikia, akagonga muhuri, akapokea tai yake ikiwa ya moto, na jambo lenyewe likamtoka kichwani palepale. Kitu alichokitoa bure Tai hakuwa na mazoea ya kukikumbuka.

Ndiyo maana asubuhi ile, Shangazi alipotoka chini na kumwambia, "Baba, kuna tangazo jipya mlangoni, mkaguzi wa Mfuko anakuja saa nne kuwahesabu wenye vipande," Tai aliacha chai ikitoa moshi. Alivuta mfuko wa nailoni uliokuwa nyuma ya mlango, akatupia hela zote humo, akafunga zipu. Akafungua mlango. Nje akawakuta kinyozi na mwalimu, vyeti mkononi, wanagombea mahali ngazi inapopinda.

Tumerudi tulipokuwa.

Shangazi alitokea ndani na ndoo tupu. "Nipisheni, nateka maji," akasema, na wote wawili wakampisha, akashuka polepole huku ameshikilia chuma. Tai akataka kumfuata nyuma. Mkasi ukarudi mahali pake.

"Jamani," Tai akasema, "mkaguzi akija akawakuta mnazozana, mnaharibu jina. Mfuko haupendi migogoro."

"Hilo kweli," mwalimu akasema, mpole ghafla. "Basi tuweke utaratibu. Wenye vipande wanyooshe mkono."

Kinyozi akanyoosha. Mwalimu akajinyooshea mwenyewe. Kutoka chini kwenye ngazi, sauti ya Shangazi ikasema, "Na mimi."

Wakamtazama Tai.

"Mimi ni wakala," Tai akasema.

"Wakala ana kipande?"

"Wakala anahudumia wenye vipande."

"Sijauliza anahudumia nani. Asiye na kipande anaitwaje?" Mwalimu aliuliza kwa ile sauti ya kuuliza darasa zima.

"Mpangaji tu," kinyozi akajibu haraka. "Analipa na kushukuru. Nilifundishwa na wakala mwenyewe."

Tai akacheka, akakuta anacheka peke yake. Angeweza kusema vyeti ni vya uongo. Sentensi moja tu, na ngazi ingekuwa ya bure kama ilivyokuwa tangu ijengwe. Lakini ile sentensi nayo ilikuwa na bei yake, na mkaguzi alikuwa njiani.

"Kushuka ni kiasi gani?" akauliza.

"Kile kile nilichonunulia," kinyozi akasema, "na gawio langu. Ulisema asilimia kumi."

"Kumi kwa mwaka, bosi."

"Nionyeshe palipoandikwa mwaka."

Hapakuwa pameandikwa. Zipu ikafunguka. Kinyozi akapokea, akahesabu kwa kidole kilicholowa mate, akasimama pembeni akainama kidogo kama mhudumu wa hoteli. "Karibu ngazi," akasema. "Angalia ya tano, imechimbika. Nitaitengeneza."

Tai akashuka ngazi kumi na mbili kwa heshima zote, akafika inapopinda, na nyuma yake mwalimu akakohoa.

"Hapo ulipo," mwalimu akasema, "kabla hujageuza unyayo, tuzungumze."

Ndipo Tai alipoona kile chuma. Kirefu, kimelainishwa na viganja vya watu, kinateremka mpaka chini bila kukatika. Hakikanyagwi. Kona hakiigusi, kinaipita hewani. Na kwa kadiri Tai alivyokumbuka hakikuuzwa kwa mtu. Moyo wake ukafurahi kama wa mtu aliyekuta dirisha wazi. Akaupakata mfuko tumboni, akapanda juu ya chuma kwa upande, akajiachia.

Ilikuwa safari nzuri, ila fupi. Alipita ghorofa ya pili tai imesimama nyuma ya kichwa kama mkia. Alikata kona moja, akakata ya pili, akakata ya tatu, na mwalimu juu akizihesabu kwa sauti. Karibu na ghorofa ya kwanza akamwona Shangazi anapanda na ndoo iliyojaa, kiganja kimoja kwenye chuma, na uso wa mtu asiye na mpango wa kukiachia.

Ndoo ilimwagika yote. Tai akakaa kwenye maji, mfuko bado ameukumbatia.

"Baba," Shangazi akasema, "umekalia mali yangu tangu ghorofa ya tatu."

"Mali gani, Shangazi?"

Akachomoa karatasi kwenye upande wa kanga. Chuma cha ngazi, cha kushikilia, chote. Muhuri. Tai akautambua mwandiko kwa masikitiko.

"Kona tatu," mwalimu akasema, ameshafika, pumzi juu juu. "Ukipita hewani, ukipita chini, kona ni kona. Tatu ulizokata na zilizobaki, nakufanyia kwa jumla: nilicholipa na gawio."

"Mwalimu, na wewe asilimia kumi?"

"Mimi sikutaka faida. Lakini umenikimbiza kwenye ngazi, na goti hili ni bovu."

Zipu ikafunguka tena. Saa ngapi sasa, Tai akauliza, na kinyozi, aliyekuwa anashuka kwa raha kama mtu anayetembelea shamba lake, akasema zimebaki dakika kumi.

"Na wewe Shangazi? Sema haraka. Hela?"

"Mimi hela sitaki. Nataka mfuko wangu. Huo ndio nabebea nguo za kufua."

Kwa hiyo Mfuko wa Makazi, ambao kwa wiki tatu ulikuwa wa nailoni na wenye zipu, ukarudi kubeba nguo za kufua. Tai akateremka zile ngazi za mwisho ameshika kilichobaki kwa mikono miwili, noti zimelowa, vifungo vinne juu yake.

Chini, mlangoni, fundi cherehani alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo umeegemea mlango, futi ya kupimia shingoni, anapinda upindo wa gauni. Hakuinuka.

"Dada yangu," Tai akasema kwa ile sauti yake ya mwanzo, ya wiki tatu nyuma, "mkaguzi akikukuta umeziba mlango itakuwa picha mbaya kwa wawekezaji."

"Mlango wangu nauziba nikitaka." Akakata uzi kwa meno. "Weka hapa mapajani."

Akaweka. Fundi akahesabu noti moja moja, akizinyoosha kwenye goti kama vitambaa. Akahesabu tena. Mwanamke huyu kila noti alikuwa anaifahamu, na zilizokosekana alizifahamu zaidi.

"Vifungo vyangu vimetimia," akasema. "Hela zimepungua."

"Ni magawio ya wenzako, dada. Mimi nimewalipa wote vizuri."

"Kwa hela ya cherehani yangu."

Kinyozi akatazama viatu vyake. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa lile gawio lake, akaliweka mapajani kwa fundi bila neno. Mwalimu akatoa lake pia, ila yeye alisema, "Goti litapona."

Fundi akahesabu mara ya tatu. "Imetimia," akasema. "Sasa gawio langu mimi."

"Dada, sina tena kitu. Nipekue."

Fundi akamtazama kuanzia viatuni, akapanda juu taratibu, akasimama shingoni. Akavuta ile tai kwake, Tai akafuata nayo mpaka akainama. Akaipima kwa futi, urefu, kisha upana wa chini.

"Hariri hii?"

"Hariri tupu."

Akaisugua kwa vidole viwili. "Si hariri. Lakini itatoa mkanda wa gauni la mtoto. Vua."

Tai akavua. Shingo yake ikaonekana ndefu na changa, kama ya mtu mwingine. Fundi akasogeza kigoda, na hapo tu, mlango ulipobaki mtupu, Tai akaliona lile tangazo jipya, usawa wa macho yake. Mkaguzi atafika saa nne asubuhi. Wenye vipande wawe tayari. Chini kabisa palikuwa na muhuri: MFUKO WA MAKAZI NAFU. Na pembeni ya F na U, kwa wino mwekundu, herufi moja ndogo imeongezwa.

Akasoma mara nne, kama kawaida yake. Kisha akageuka.

Mwalimu alikuwa anakagua dari. "Jana nilijizuia mchana kutwa nisiisahihishe," akasema. "Usiku nikashindwa."

"Kandambili niliitoa chini ya kitanda chako," Shangazi akasema. "Nilikuwa nafagia."

"Kwa hiyo mkaguzi hakuna."

"Yupo, wa kweli," Shangazi akasema. "Atakuja mwezi ujao. Mwalimu alikwenda ofisini kwao na cheti chake kuuliza. Wakamweleza vizuri sana, na vipande vya kweli vipo, mtu ananunua hata kimoja. Ila wamesema kona haziuzwi."

"Na ngazi?" kinyozi akauliza.

"Na ngazi haziuzwi."

Kinyozi akageuka kuitazama ngazi. Ilionekana hilo hakuambiwa mapema, na lilimuuma kuliko alivyotegemea. "Lakini ile ya tano nitaitengeneza hivyo hivyo," akasema.

Tai akajipapasa shingo, mahali tai ilipokuwa. Kwa mara ya kwanza tangu afike jengo lile, alitafuta la kusema, akapata dogo.

"Shangazi, chai yangu ilibaki juu."

"Nimeifunika, baba. Ukipata kazi, hata ya kubeba matofali, utaikuta na kiti chake. Ukipata muhuri mwingine, usipande."

"Na nikija nitapitaje?"

"Utagonga," fundi akasema, akiwa ameshaanza kuikata ile tai vipande. "Mwenyewe nitakufungulia. Na ukitoka hapo usiubamize."

"Si umesikia haziuzwi?" Tai akauliza.

"Nimesikia ngazi. Nimesikia kona. Mlango sijasikia."

"Hata mimi nina swali kuhusu hilo," kinyozi akasema. "Pale inapopinda, kabla haijauzwa, ilikuwa ni nini?"

"Kona," mwalimu akasema.

"Ngazi."

"Kona, na nitakuchorea."

Sauti zikapanda mpaka ghorofa ya tatu, zikashuka tena. Tai akasubiri kidogo kama kuna atakayemwangalia. Hakuna. Akatoka, akaufunga mlango taratibu, kwa sababu haukuwa wake.